Mkanda wa Kinyozi: Safari ya Katwe

Katika somo la tafsiri la muhula uliopita tuliwapa wanafunzi aya fupi ya Kiingereza kuhusu mzee anayejitayarisha kunyoa ndevu. Mzee huyo anafungua wembe wake wa kukunja, anaishika ngozi ndefu iliyotundikwa ukutani, anaupitisha wembe juu yake mara kadhaa, kisha anaanza kazi. Aya yenyewe haikuwa ngumu. Kilichowashinda wengi ni ile ngozi. Wengi waliandika kwamba mzee "alinoa wembe kwa kinoo". Mmoja aliandika "kiboko", na alipoulizwa alitueleza bila wasiwasi wowote kwamba katika riwaya za Kiingereza alizosoma, akina baba huitumia ngozi hiyo kuwachapia watoto. Wawili waliandika "mshipi". Sisi walimu tukawakata wote alama, tukaandika ubaoni "mkanda wa kunolea", na somo likaisha.

Kwetu sisi halikuisha. Tulipoketi ofisini baadaye na daftari zile mbele yetu, tuligundua kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuushika mkanda huo mkononi. Tulikuwa tumesahihisha neno la kitu tusichokijua. Basi Jumamosi moja tukashuka Katwe, walimu wawili na wanafunzi watano, kukitafuta kitu chenyewe.

Kabla ya safari, tuanze na kinoo, maana kosa la wanafunzi wetu lina sababu yake. Kitenzi noa kimezaa maneno kadhaa katika Kiswahili. Noo na kinoo ni jiwe la kunolea. Mnoaji ni yule afanyaye kazi hiyo, kama wale wanaozunguka mitaani na baiskeli iliyofungiwa jiwe la mviringo, wakikanyaga pedali huku cheche zikiruka. Noleo ni ile pete ya chuma inayokaza mpini mahali kisu kinapoingia. Mwanafunzi anapoona kitu chochote kinachohusiana na makali, akili yake hukimbilia ukoo huu wa maneno, na hatumlaumu. Lakini jiwe na ngozi havifanyi kazi moja. Jiwe hula chuma. Ngozi haili chuma, au hula kidogo mno. Kazi yake ni kuyanyoosha na kuyang'arisha makali ambayo jiwe limekwisha kuyatengeneza. Kinyozi wa zamani aligusa jiwe mara chache, bali ngozi aliigusa kila siku, mara nyingi kabla ya kila mteja. Kwa hiyo mzee wa aya yetu hakuwa ananoa. Alikuwa anafanya jambo jingine, ambalo hata kitenzi chake hatukuwa nacho.

Kwa nini Katwe? Vinyozi wamejaa Kampala nzima, na saluni zipo hata hatua chache kutoka lango letu. Lakini Katwe ni mahali ambapo kitu kilichotupwa kwingine huonekana bado kinafanya kazi. Mtaa huu uko kwenye barabara itokayo katikati ya jiji kuelekea Kibuye na Entebbe, chini ya kilima cha Mengo kilipo kiti cha Kabaka. Wageni wengi wamelisikia jina lake kutokana na filamu ya mwaka 2016, Queen of Katwe, iliyosimulia maisha ya mchezaji wa sataranji Phiona Mutesi. Wenyeji wa Kampala waliijua Katwe zamani kwa jambo jingine: mafundi. Hapa hutengenezwa masufuria, masanduku ya bati, majiko ya makaa, milango ya chuma na vipuri vya magari ambayo kiwanda kilichoyaunda kimekwisha kuyasahau. Baada ya Idi Amin kutangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90, maduka yalifungwa, bidhaa za kutoka nje zikawa adimu, na neno la Kiswahili magendo likaingia katika kinywa cha kila Mganda. Katika miaka hiyo fundi wa Katwe ndiye aliyekuwa duka la vipuri.

Ufundi wa chuma katika Buganda ni wa kale kuliko hayo yote. Mhunzi mkuu wa Kabaka alikuwa na cheo chake, Walukaga, na mmoja wa waliokishika, Nuwa Walukaga, ni miongoni mwa Wakristo waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wahunzi walifua majembe, mikuki, visu, na pia nyembe. Luganda lina neno lake la wembe, kamwano, lenye asili moja na kitenzi okumwa, yaani kunyoa. Kwa hiyo watu wa Buganda hawakungoja mtu wa pwani aje awafundishe kuondoa nywele kichwani.

Hata hivyo, mtu anayenyoa wenzake kwa malipo, mwenye kiti na kioo, jina lake mitaani Kampala ni la pwani: kinyozi. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyetokea upande wa pwani, alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844, na wenzake wengi wakafuata nyuma yake. Pamoja na nguo na bunduki yaliingia maneno. Luganda likapata ssabbuuni, emmeeza, essaawa, dduuka. Tunayasema haya kwa sababu mara nyingi mwanafunzi wa Uganda huja darasani akiwa ameambiwa nyumbani kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na majambazi. Orodha ya mikopo haisemi hivyo. Inazungumza habari za sabuni, meza, saa, na mtu wa kukunyoa. (Walimu wa sarufi nao wana lao hapa: kinyozi ana kiambishi ki- lakini hupatanishwa kama mtu, kinyozi huyu, vinyozi hawa. Nchini Kenya neno hilohilo huandikwa juu ya mlango wa duka likawa jina la mahali, na mtu husema anakwenda kinyozi kama asemavyo anakwenda sokoni.)

Tulipofika Katwe tulifanya kosa la pili. Tuliuliza "mkanda". Kijana wa duka la vipuri alituuliza ni wa gari gani na la mwaka gani, akateremsha mikanda ya feni ya mpira. Mwingine akatuonyesha mishipi ya suruali, mizuri kweli, ya ngozi ya ng'ombe. Mama mmoja mwenye fungu la nguo kuukuu alitushauri twende soko la Owino, ambako kila aina ya mkanda huja ndani ya marobota ya mitumba. Tulipoeleza kwa mikono, mkono mmoja umeshika ngozi ya hewani na mwingine unapitisha wembe wa hewani, vijana walicheka, lakini fundi mmoja wa masanduku hakucheka. Alituelekeza nyuma ya karakana yake kwenye saluni ya chumba kimoja, na kusema, "Muulizeni mzee, baba yake kinyozi."

Mzee tulimkuta amekaa nje kwenye benchi. Ndani, mwanawe alikuwa akimnyoa mteja kwa mashine ya umeme, chupa ya spiriti iko pembeni. Tulimsalimu kwa Kiganda kwanza kama ipasavyo, kisha tukamweleza kwa Kiswahili shida yetu. Alituuliza kama sisi ni watu wa serikali. Alipoambiwa kwamba sisi ni walimu, tena wa lugha, alitikisa kichwa, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa katika karatasi ya gazeti.

Mkanda wenyewe ulikuwa na urefu wa kama nusu mita na upana wa vidole vitatu hivi. Kwa kweli ilikuwa mikanda miwili iliyofungwa pamoja juu, mmoja wa ngozi na mmoja wa kitambaa kinene kama cha turubai, na juu kulikuwa na kulabu ya chuma ya kutundikia. Chini kulikuwa na mshikio. Alama ya kiwanda ilikuwa imesuguliwa ikabaki herufi mbili tatu zisizosomeka. Mzee alisema aliununua mwaka mmoja kabla ya Uhuru, yaani 1961, alipoanza kazi.

Alitundika kulabu kwenye msumari, akauvuta mkanda ukakaza, akafungua wembe. Aliulaza wembe bapa juu ya kitambaa, mgongo na makali vyote viguse. Kisha akausukuma, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Mwisho wa mkanda hakuuinua. Aliupindua juu ya mgongo wake, kama mtu anayegeuza ukurasa, akarudi. Mwanafunzi wetu mmoja alijaribu kuupindua upande wa makali na mzee akamshika mkono haraka sana. "Ukifanya hivyo, mwanangu, umekata mkanda wangu, na wembe umekufa." Mara 20 kwenye kitambaa, mara 40 kwenye ngozi, akihesabu kwa sauti ya chini. Hakukandamiza hata kidogo. Alitueleza kwamba mkanda ukilegea, ngozi hupanda ikakumbatia makali yakawa ya mviringo, na wembe hung'oa ndevu badala ya kuzikata.

Tulitaka kujua kwa nini kitu laini kiweze kukisaidia chuma. Ncha ya makali ya wembe ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, na ndevu, ingawa ni laini kuliko chuma mara nyingi, huiharibu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba unywele mmoja huweza kumegua vipande vidogo sana vya makali pale chuma kisipokuwa sawasawa kwa ndani. Juu ya hayo kuna maji na sabuni, vinavyoleta kutu isiyoonekana. Kitambaa husafisha uchafu huo, na ngozi hulainisha na kunyoosha kilichobaki. Vinyozi wengi duniani, wasipokuwa na mkanda, waliutumia mkono wao wenyewe. Kiganja nacho ni ngozi.

Huko Ulaya mkanda huu ulifanyiwa biashara kubwa. Katika miaka ya 1790 George Packwood wa London alijipatia jina kwa kutangaza mikanda yake na dawa ya kuipaka, akijaza magazeti vichekesho na mashairi, hata akavikusanya vikawa kitabu mwaka 1796. Huko Marekani, kampuni ya J. R. Torrey ya Worcester, Massachusetts, ilisifika kwa nyembe na mikanda. Iliyothaminiwa sana ilitengenezwa kwa ngozi ya matako ya farasi, ambayo nyuzi zake zimeshikana sana. Uganda haina farasi wa kutosha kwa kazi hiyo, ila ng'ombe tunao. Mzee alituambia kuwa wenzake wasio na fedha za mkanda wa dukani walikata ngozi ya ng'ombe wakaipigilia kwenye ubao, wakanyoa vizuri tu.

Kwa kuwa wapo wasomaji ambao huenda wamerithi mkanda wa babu, au wakakutana nao katika rundo la mitumba, tuseme machache tuliyojifunza juu ya kuutambua ulio hai. Kwanza tazama kingo na uso wa ngozi. Mikwaruzo midogo si neno, na mkato mdogo pembeni unaweza kusuguliwa kwa msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao. Mkato wa katikati ni ugonjwa, kwa sababu kila wembe utakaopita hapo utaguswa. Pili, ukunje polepole sana. Ngozi kavu hupona. Ngozi iliyopasuka kama matope ya kiangazi haiponi, na ukiikunja kwa pupa utaipasua wewe mwenyewe. Tatu, unuse. Harufu ya ukungu si hukumu ya kifo, lakini inataka kufutwa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na kukaushwa kivulini, kamwe si juani. Kisha mafuta, tena machache sana. Watengenezaji wa zamani walipenda mafuta yanayopatikana kwa kuchemsha mifupa ya miguu ya ng'ombe, ile miguu ambayo Kampala huliwa kwa jina la mulokoni. Tone moja, lisuguliwe kwa kiganja siku baada ya siku, linatosha. Ngozi iliyoloweshwa mafuta huwa laini kama ulimi na haifai tena. Ukikuta mkanda umepakwa dawa ya rangi nyekundu au kijani, jua kuwa mwenyewe aliutumia kwa kung'arisha kwa nguvu zaidi. Huo usiutumie kila siku, maana dawa hiyo hula chuma.

Tulimuuliza mzee lini aliacha kuutumia. Tulitazamia ataje nyembe za kisasa. King Gillette alipata hataza ya wembe wake wenye kipande cha kutupa mwaka 1904, na katika karne nzima iliyofuata kipande hicho kilienea dunia yote. Mzee alikubali kwamba nyembe hizo zilimpunguzia wateja wa ndevu, kwa sababu mtu aliweza kujinyolea nyumbani. Lakini miaka ya Amin ilimrudishia kazi. Nyembe za dukani zilipokuwa adimu, watu walikisugua kipande kimoja ndani ya bilauri ya kioo ili kirudishe makali, na kilipokwisha kabisa walirudi kwake, kwa wembe wa kukunja na mkanda usiohitaji duka. Alicheka. "Wembe ulikuwa uleule," alisema. "Baba, mtoto, jirani, wote wembe uleule."

Kisha hakucheka tena. Mwaka 1985 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha makala ya madaktari wa Uganda na wenzao kuhusu maradhi mapya ambayo watu waliyaita Slim kwa jinsi yalivyowakondesha wagonjwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa kuudhibiti UKIMWI, na 1987 likaundwa shirika la TASO. Mafunzo ya miaka hiyo yaliwaonya watu juu ya kuchangia sindano na nyembe. Leo tunajua vizuri kwamba njia kubwa ya maambukizi ilikuwa kujamiiana, na kwamba hatari ya wembe wa kinyozi ni ndogo. Mzee hakuwa na mtu wa kumpimia hatari. Katika mtaa wake alikuwa anazika watu aliowanyoa. "Wembe niliweza kuuchemsha," alitueleza. "Nilikuwa na sufuria yangu ya kazi hiyo tu, mama wa nyumbani hakuigusa. Lakini huu?" Akaushika mkanda. "Huu nitauchemshaje?"

Hauchemshwi. Ngozi ikitiwa katika maji yanayochemka hujikunja na kuwa ngumu kama ubao. Tena uso wake una vinyweleo ambavyo kitambaa cha spiriti hakivifikii kwa hakika. Virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo wakati ule vilizungumzwa kidogo kuliko UKIMWI, huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mkanda unaopitiwa na wembe wa watu 20 kwa siku hauna namna ya kusafishwa kati ya mmoja na mwingine. Mzee hakuzijua sayansi hizi, lakini aliufunga mkanda katika gazeti na kununua vipande vya kutupa, kimoja kwa kila mteja. Faida yake ilipungua. Hakuutundika tena mbele ya mteja hadi siku hiyo tuliyomtembelea, na wembe aliotuonyeshea ni ule anaojinyolea mwenyewe.

Basi atakayeupata mkanda wa zamani na kuutengeneza, autumie kwa wembe wake peke yake.

Mmoja wa wanafunzi aliuliza kama mzee angekubali kuuuza kwa ajili ya idara. Alikataa kwa adabu. Alisema mwanawe hana haja nao, lakini mjukuu wake mmoja anapenda vitu vya chuma, tutaona. Tuliomba tuupige picha, akakubali.

Tulipokuwa tunaaga, tulikumbuka kwamba tulikuwa hatujamuuliza swali lililotutoa ofisini. Wakati wote tulikuwa tumeuita mkanda, naye alituelewa kwa adabu yake. Tukamuuliza: wewe na wenzako mliuitaje?

"Omusipi," alisema, kana kwamba tumemuuliza jina la jua. "Omusipi gw'akamwano. Kwani nyinyi mnauitaje?"

Omusipi ni mshipi wetu, uliopanda kutoka pwani ukavaa mavazi ya Luganda. Wanafunzi wawili walioliandika neno hilo walikuwa nasi katika msafara. Hawakusema kitu. Walitutazama tu hadi tulipofika kwenye teksi, na Jumatatu asubuhi tukawarudishia alama zao.